Chanuo ndani ya filta ya TV

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa TV na redio, Morogoro. Juzi nilivunja filta ya miguu mitano ya TV ya chogo. Ndani nimekuta kipande kama kioo, kina mistari ya chuma mithili ya meno ya chanuo, ila meno hayalingani urefu. Ni kasoro ya kiwandani?

JIBU: Marahaba kijana. Si kasoro. Filta hiyo, inayochagua masafa ya kupita, ni meno, basi. Ya kwanza kuifungua mimi niliipasua kwa plaisi. Ya pili ndiyo niliyoitazama kwa lenzi ya fundi saa.

Hicho kioo ni fuwele, mara nyingi lithiamu niobeti. Ikipata umeme hujikunyata, na ikikunyatwa hutoa umeme. Kila upande, machanuo mawili yameingiliana meno. Mawimbi ya stesheni yakifika hapo, uso wa fuwele unatikisika kati ya jino na jino, na mtikisiko unatambaa juu juu, karibu kilomita 4 kwa sekunde, hadi kwenye machanuo ya upande wa pili yanayougeuza kuwa umeme tena.

Kila jozi ya meno inalisukuma wimbi, kama watu wanaopokezana kusukuma bembea. Wasipopatana muda, bembea haiendi. Kwa hiyo nafasi ya meno ndiyo inayochagua masafa. Kwenye TV yako, karibu megahezi 36, wimbi moja lina urefu wa mikromita 110 hivi, ndiyo maana meno umeyaona. Kwenye rimoti ya geti ya megahezi 433.92, yenye fuwele ya kwatzi, wimbi ni mikromita 7.3 na jino moja halifiki 2. Hilo usihangaike kulitafuta kwa lenzi.

Sasa huo urefu. Pale jino lisipopishana na mwenzake hakuna msukumo. Mbunifu akirefusha hapa na kufupisha pale, anaamua kila masafa yapite kwa nguvu gani: picha ya megahezi 38.9 ipite nusu, sauti ya megahezi 33.4 ishushwe, chaneli jirani ikatwe. Zamani kazi hiyo tuliifanya kwa koili nyingi na bisibisi ya plastiki, na mteja amekaa mlangoni anasubiri.

Ubaya wa meno ni kwamba yanarudisha mwangwi. Wimbi linafika, linarudi lilikotoka, linakuja tena. Tuseme machanuo ya upande huu na ya upande wa pili yameachana sentimita 1: mwangwi unachelewa mikrosekunde 5, na kwenye TV ya inchi 21 utaona kivuli cha mtangazaji kama sentimita 4 kulia kwake. Tazama tena kipande chako: huenda kila jino limepasuliwa mawili membamba. Ndivyo miangwi ya nusu hizo mbili inavyouana. Ile gundi ya pembeni nayo, kama hujaifuta, inameza wimbi linalokimbilia upande usiotakiwa. Kwenye rimoti mambo ni kinyume, mwangwi unatafutwa kwa makusudi: mistari ya pembeni hulirudisha wimbi ndani lizidi kuvuma palepale.

Mwangwi mwingine unatokana na saketi yenyewe, nao hupunguzwa kwa kukubali filta ipoteze nguvu nyingi. Ndiyo kazi ya ile transista ndogo kabla ya filta, kufidia. Usiiruke kwa waya. Picha itajaa chenga.