Dada, Hiki Kiti Ninunue?

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa msomaji aliyehamia Malmö, Sweden, mwaka jana. "Shikamoo dada. Nimepata kiti cha Wegner mtandaoni, muuzaji anataka kroni elfu nne na anasema kuna watu wawili wanakisubiri. Nitume hela?" Wegner alikuwa mbunifu mkubwa wa samani wa Denmark, ndiyo maana jina lake linauza. Msomaji alikuwa ameambatanisha picha moja tu. Kiti kimepigwa kwa mbele, pembeni kuna mmea na dirisha linaloingiza jua zuri.

Nikamjibu: marahaba mdogo wangu, usitume hata senti moja. Mwambie akigeuze, apige picha chini.

Muuzaji hakujibu tena. Mdogo wangu ameumia, maana kiti kile alikuwa ameshakitengea kona sebuleni. Mimi nami sikulala vizuri, kwa sababu ujumbe ule ulinirudisha mwaka 2013.

Wakati huo nilikuwa na miaka minne Copenhagen, nikihudumia wazee majumbani kwao. Kwa bibi mmoja niliyekuwa nampelekea dawa kila asubuhi, jikoni kulikuwa na viti vinne vya mwaloni, vyepesi, havina urembo wowote, na sehemu ya kukalia imewambwa kwa kamba. Mimi ni mtoto wa fundi seremala wa Muheza. Baba alikuwa akiletewa kiti cha kutengeneza hakitazami usoni, anakipindua palepale juu ya benchi na kupitisha kidole kwenye viungo. Basi bibi alipokwenda kuoga, mkono wangu ukakipindua kimoja. Kamba ile ilikuwa karatasi iliyosokotwa, imevutwa na kukazwa sawasawa kama kitanda cha kamba cha nyumbani kwetu kilichowambwa na mtu anayeijua kazi. Miguu imeingia kwenye matundu yake bila msumari hata mmoja.

Bibi akanikuta nimeshikilia kiti miguu juu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba viti vile alivinunua alipoolewa, kwenye duka la ushirika. Nilipofika nyumbani nikatafuta, nikakuta ni J39, kazi ya Børge Mogensen ya mwaka 1947. Mogensen aliongoza ofisi ya ubunifu wa samani ya FDB, ushirika wa wanunuzi wa Denmark, na lengo lilikuwa kiti kizuri ambacho mfanyakazi wa kawaida anaweza kukinunua. Siku ile samani hizi zikaniteka moyo. Nilidhani vitu hivi vilitengenezwa kwa ajili ya matajiri, kumbe vingine vilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Lakini mimi sikuanza na J39. Nilitaka jina kubwa. Kwenye magazeti ya nyumba nilikuwa nakiona kiti cha Hans Wegner ambacho mgongo wake una mti wenye umbo la herufi Y. Alikibuni mwaka 1949 na hadi leo kinatengenezwa. Sehemu yake ya kukalia inakula takriban mita 120 za kamba ya karatasi, kazi ya mkono mtupu. Nikadunduliza miezi mitano. Nikapata mtu mwenye vinne, akanitumia picha, nikamtumia hela, vikaletwa na gari mlangoni. Nilivipanga, nikaalika watu, nikapika pilau. Niliringa, sikatai.

Wiki ya tatu kamba ya kiti kimoja ikalegea. Nikakigeuza kwa mara ya kwanza. Kamba ilikuwa imebanwa kwa pini za chuma kama karatasi za ofisini. Nikageuza cha pili na cha tatu, hali ileile. Kisha nikapitisha kidole kwenye ule upinde wa juu wa kuegemeza mikono. Kwenye kiti halisi ni ubao mmoja uliopindwa kwa mvuke. Kwangu kidole kilikwama mahali pawili: vipande vitatu vimeungwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Nilikaa sakafuni katikati ya viti vinne vilivyopinduliwa, mtoto wa fundi, nikijiuliza nitamwambia nini baba. Hela haikurudi. Hadi leo nikipita mtaa ule alikosema anaishi, moyo unanichoma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: geuza kiti. Kama huwezi kukigeuza kwa mkono wako, usilipe. Chini ndiko fundi alikoacha alama yake. Karakana kubwa za Copenhagen zilichoma mihuri kwenye mbao. Johannes Hansen, aliyemtengenezea Wegner, na Niels Vodder, aliyemtengenezea Finn Juhl, mbunifu mwingine wa Denmark, wote walifanya hivyo. France & Søn walipigilia kibati kidogo. Lakini kibati kinaweza kuhamishwa na stika inaweza kuchapishwa, na zipo kazi halisi ambazo alama yake imefutika. Usisome muhuri ukaishia hapo. Angalia viungo, angalia skrubu kama zimezeeka pamoja na mbao, nusa.

Kosa langu la pili sikumsingizia mtu. Nilipata kabati refu la chini, la mtiki, kwenye soko la mitumba, lina alama za vikombe juu. Mtiki naujua. Nimekua karibu na msitu wa Longuza, nimelala kwenye vumbi la mbao zake. Nikaazima mashine ya msasa, nikajiambia dakika kumi tu. Dakika ya pili vumbi likabadilika, la dhahabu likawa jeupe. Nikazima mashine, nikafuta kwa kiganja, nikaona doa la ukubwa wa sahani, la ubao mwingine kabisa. Kabati lile lilikuwa limevishwa ganda la mtiki lisilofika hata milimita moja, na mimi nilikuwa nimelitoboa. Baba alitengeneza kwa mbao nzima, kwa hiyo sikuwahi kuwaza kwamba kuna kazi nzuri ya ganda. Ipo, na Wadenishi waliifanya vizuri mno. Kabati hilo bado liko kwenye korido yangu. Doa sikulifunika.

Kwa hiyo hapa napo: geuza, fungua droo, tazama ukingo wa ubao. Mistari ya mbao ikipita juu na kushuka ubavuni, huo ni mti mzima. Ikikatika ukingoni, ni ganda, na mashine ya msasa usiiguse. Kitambaa na mafuta kidogo vinatosha, na kitambaa hicho chenye mafuta usikikunje ukakiacha kwenye kapu, kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Baada ya hapo niliacha kununua kwa karibu miaka miwili, nikawa naenda kutazama tu. Jumapili moja nilifika Ordrup, kwenye nyumba ya Finn Juhl, aliyoijenga mwaka 1942 na sasa iko wazi kwa wageni. Ndani kuna kile kiti chake kikubwa cha mwaka 1949 wanachokiita kiti cha chifu. Mfalme Frederik wa Tisa alikikalia kwenye maonyesho, watu wakataka kukiita kiti cha mfalme, Juhl mwenyewe akapendelea chifu. Nikiwa pale nikasoma kwamba huyu Juhl ndiye aliyebuni ukumbi wa Baraza la Udhamini kule Umoja wa Mataifa, New York, zawadi ya Denmark. Nikasimama. Baraza la Udhamini ndilo lililosimamia Tanganyika, na ndilo Mwalimu Nyerere alilolihutubia Machi 1955 kuidai nchi yetu. Ndani ya ukumbi huo kuna sanamu ya mwanamke aliyeinua mikono, akimwachia ndege aruke, kazi ya Henrik Starcke, imechongwa kwa mtiki. Tangu siku hiyo mtu asiniambie kwamba nakusanya vitu vya Wazungu visivyonihusu. Nimeshaambiwa, tena na watu waliokula pilau yangu.

Sanamu nilianza nazo polepole. Nyani wa Kay Bojesen wa mwaka 1951 ni mtiki na limba, mti unaotoka Afrika ya Kati na Magharibi. Dubu wangu wa udongo wa Knud Kyhn nilimpata duka la mitumba la kanisa. Nilimgeuza kabla sijatazama bei. Kiwanda cha kauri cha Royal Copenhagen huweka mistari mitatu ya mawimbi, ishara ya milango mitatu ya bahari ya Denmark, na mkwaruzo ukipita juu ya mawimbi hayo maana yake kiwanda chenyewe kilikihesabu kuwa daraja la pili. Wa kwangu ana mkwaruzo. Nilimnunua nikijua, kwa bei ya mkwaruzo, na nampenda. Za Sonja Ferlov Mancoba, mchongaji wa Denmark aliyeolewa na msanii Ernest Mancoba wa Afrika Kusini, siziwezi kwa mshahara wangu. Nakwenda kuzitazama makumbusho.

Palisanda, mbao ya thamani inayotumika kwenye samani hizi, nayo inataka tahadhari. Ile ya Brazili inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na bila cheti huwezi kuiuza wala kuivusha kwenda nyumbani. Ni ndugu wa mpingo wetu, mnajua wenyewe miti hiyo inavyokatwa. Muuzaji akikwambia cheti hakina maana, ondoka.

Ndugu zangu, acheni haraka. Acheni kununua jina. Mtu anafika Ulaya, mwezi wa sita tayari anataka kiti cha kuonyesha kwenye picha, hajawahi hata kukalia kimoja kwa dakika kumi. Kaa. Geuza. Rudi kesho, geuza tena. Nenda nyumba za wazee wakikukaribisha, gusa. Mimi leo mezani kwangu nina J39 sita, zimepatikana mojamoja kwa miaka saba, hakuna niliyoinunua kwa picha ya mbele. Baba alinitaka nimpigie video, akaniambia nizipindue zote. Alizitazama kimya muda mrefu, kisha akauliza kamba ile wanaikazaje.

Leo asubuhi mdogo wangu wa Malmö ameandika tena. Amepata viti viwili upande huu wa Copenhagen, na safari hii picha zote tatu ni za chini: mwaloni uliokolea, matundu safi, kamba imepauka lakini imeshika. Nimemwambia apande treni, avuke daraja, akavikalie kwanza.