Mnaouliza Mtaendaje COP, Someni Hapa

Tangu COP30, ule mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi kule Belém, Brazil, uishe, meseji ni zile zile. Juzi kijana mwenye shahada ya mazingira kaniandikia: "Shikamoo bosi, nifanyeje niingie kwenye sera za tabianchi kama wewe?" Najua mnachokitaka. Beji shingoni na picha ya ukumbini.

Mimi nilianzia halmashauri moja ya pwani, afisa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilinipa cheo, fungu haikunipa. NAPA ya 2007, mpango wa taifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ilishataja visima vya Bagamoyo vinavyoingiwa na maji ya bahari, na kwetu hali ilikuwa hiyo hiyo. Kijijini mama mmoja alinikaribisha chai, nikadhani kachanganya chumvi na sukari. Akacheka: "Mwanangu, ndiyo maji yetu hayo."

Kwenye kikao cha bajeti nikasoma kwa sauti: "Kuhimili mabadiliko ya tabianchi." Afisa mipango hata hakuinua macho. "Kasma ipi?" Yaani, fedha itoke kifungu gani cha bajeti. Mstari ukafutwa.

Mwaka uliofuata sikutaja tabianchi kabisa. Enzi hizo maji vijijini yalikuwa bado chini ya halmashauri, RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, haijaanza (ilikuja 2019). Nikakaa na mhandisi wa maji, tukasogeza visima vipya mbali na ufuko, ndani ya kasma yake yeye. Vikachimbwa. Hilo najivunia, na anayeona najisifu aone tu.

Nikaandika dokezo sabili, yaani karatasi fupi ya ofisini ya kueleza jambo kwa wakubwa, likapanda ngazi. Nilikuja kuliona kwenye skrini, semina moja mjini: aya zangu, hadi ile chai, chini jina la mtu mwingine. Safari ya nje akaenda yeye. Leo niko ngazi ya taifa, tunapishana kwenye korido, ananiita "ndugu yangu". Namwitikia.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Kajifunzeni bajeti! Kuhimili hakuna idara yake. Kumelala kwenye maji, barabara, kilimo, afya. Mfuate afisa mipango kabla ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha, haujatoka, ukishatoka unaongea na ukuta. Mjue mhandisi, mjue mtendaji wa kijiji. Narudia: bajeti. Na kila dokezo lako lipite masjala, lipigwe muhuri, nakala ubaki nayo. Ukiambiwa "liache tu mezani, nitalisoma", ondoka nalo.