Maswali ya Wasomaji: Marangu, Unguja au Bungoma?

Barua za mwezi huu karibu zote zinatoka kwenye nyumba zilizonuniana. Watu wamekubaliana kuoana, wamekubaliana majina ya watoto, lakini pa kwenda likizo hawakubaliani. Tumechagua nne.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Tuna watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 3. Kila Desemba tunakwenda kwao mume wangu, Marangu karibu na Moshi, "kuhesabiwa" kama mjuavyo Wachaga. Nikiwa kule naamka saa kumi na moja kuchemsha chai ya watu ishirini, narudi Dar nimechoka kuliko nilivyoondoka. Mwaka huu nimesema twende Unguja, hata siku nne tu. Yeye anasema kijijini ni bure na Unguja ni mambo ya wazungu. Hii ni wiki ya pili hatusemeshani vizuri. *Mama Watatu, Tabata*

JIBU: Pole, dada. Tuanze na hiyo "bure", maana ndiyo inayowagombanisha. Chukueni karatasi moja, muikunje katikati, upande mmoja muandike Marangu na wa pili Unguja, mjaze kila kitu hadi maji ya kunywa njiani. Marangu ina nauli ya kwenda na kurudi (mtoto anayekalia kiti chake analipiwa), sukari, mchele na mafuta ya kupeleka, kitenge cha mama mkwe, mchango wa ndafu (mbuzi wa kuchoma) na mbege (pombe ya ndizi), na zile noti za elfu tano na elfu kumi wanazoshikishwa mashangazi na wajomba siku ya kuaga. Hizo za mwisho hakuna anayeziandika, na ndizo zinazomaliza pochi. Mnarudi Januari, shule zinafunguliwa, ada haipo.

Unguja nako kuna siri zake. Nauli ya boti ni sehemu ndogo tu. Kutoka bandarini hadi fukwe za Nungwi ni kama kilomita 60, na gari ya familia hukodiwa. Hoteli nyingi bei yake ni chumba na kifungua kinywa, basi; mchana na usiku watoto watatu wanaagiza chipsi na soda kwa bei ya watalii. Halafu kati ya Krismasi na mwaka mpya hoteli kadhaa huongeza karamu ya lazima, kwa kila kichwa, juu ya bei ya chumba. Ulizeni kabla ya kulipa: "Tarehe hizo kuna malipo ya ziada ya sikukuu?" Wasipojibu waziwazi, tafuteni kwingine.

Mkishajumlisha pande zote mbili, yeye ataona kijijini si bure, nawe utaona Unguja ya tarehe 26 Desemba haina bei ya kibinadamu. Hapo ndipo maongezi yaanze.

Maoni yetu: Desemba hii nendeni Marangu, Unguja ihamieni Juni, watoto wakifunga tena shule. Masika yameisha, joto limepungua, na msongamano wa Julai na Agosti haujaanza, kwa hiyo bei huwa inazungumzika. Ila Marangu isiwe kama ya miaka iliyopita, na hapa tunazungumza na mumeo.

Kaka, anayemwambia mama yako ratiba ni wewe. Mkeo akisema, ameringa. Ukisema wewe, ni mpango wa nyumba. Mpigie Novemba, mwambie tarehe ya kufika na ya kuondoka kwa pumzi moja: "Mama, tunafika 23, tunaondoka 28." Tarehe ya kuondoka ikisemwa siku ya 27 inageuka ugomvi. Wakati huohuo uliza mchango wa ukoo ni kiasi gani, ili usishtukizwe ukiwa mbele ya kaka zako. Na jikoni, tafuteni binti au mama jirani wa kulipwa kwa siku zile nne kubwa, aoshe vyombo na kuchota maji. Hela yake iingie kwenye karatasi kama nauli inavyoingia. Mkeo atapika chakula cha Krismasi kwa sababu ni mke wa nyumba ile, lakini hatalala na harufu ya moshi kila siku.

Sasa bahari. Njia ya Moshi kwenda Dar inapita Segera, na kutoka Segera kwenda Tanga mjini ni kama kilomita 70 tu. Yapo pia mabasi ya Moshi hadi Tanga moja kwa moja. Ondokeni Moshi tarehe 28 asubuhi, lala Tanga siku mbili au tatu, kisha mwendelee Dar. Watoto wataogelea Raskazone, wataona mapango ya Amboni nje kidogo ya mji, na bei ya nyumba za wageni haifanani na ya Unguja. Mkiwa na gari na nguvu zaidi, Pangani iko kama kilomita 50 kusini mwa Tanga. Wengine hupenda kukata Mombo na kupanda Lushoto, lakini kwa mtu aliyetoka kwenye baridi ya mlimani sioni sababu ya kumpeleka kwenye baridi nyingine.

Kuna faida ya pili ya kuondoka 28. Watu wengi hurudi Dar siku chache kabla ya shule kufunguliwa, na hapo ndipo tiketi zinapoadimika. LATRA, wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada msimu huo, lakini nauli elekezi haibadiliki kwa sababu ni sikukuu. Kateni tiketi za kurudi siku mnayokata za kwenda, na mdai tiketi ya kielektroniki yenye kiasi mlicholipa kweli.

Juni ikifika, mambo matatu kuhusu Unguja. Chukueni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu mkazi na mgeni hawalipi nauli moja kwenye boti. Pili, huo ni wakati wa kusi, upepo wa kusini: boti ya kurudi Dar inakwenda kinyume na upepo na inarusha. Kaeni chini, katikati au nyuma, msikae mbele. Dawa ya kichefuchefu inywewe kama saa moja kabla ya kuondoka, na ya mtoto wa miaka mitatu muulize mfamasia kwanza.

Tatu, na hili ndilo linaloharibu likizo nyingi, ni maji. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakikupwa yanaondoka mbali mno, mtoto anabaki na mchanga na mwani. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga au mwezi mpevu, bahari hujaa alfajiri na alasiri, na inakauka kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, saa zilezile watoto wamevaa nguo za kuogelea wanasubiri. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, yana nafuu. Kendwa na Nungwi, kaskazini, bahari haiendi mbali hivyo, na Kendwa iko upande wa magharibi ambako kusi haipigi sana. Kabla ya kulipia chumba, tazameni kalenda ya mwezi.

SWALI: Hamjambo wahariri. Mke wangu anataka twende ufukweni Diani Agosti. Mimi nataka twende nyumbani, Bungoma. Nimemwambia Diani haikimbii, akasema hata Bungoma haikimbii. Tuna kijana mmoja wa miaka 11. *Baba Kijana, Umoja, Nairobi*

JIBU: Ndugu, kuna kitu umekificha. Mwaka unaozungumzia ni shufwa (unaogawanyika kwa mbili) au witiri? Kwa Wabukusu wa Bungoma tohara hufanywa Agosti ya miaka ya shufwa. Kama ni mwaka huo, na kijana wako au wa kaka yako anaingia, basi hujaalikwa likizo, umeitwa kazini. Mkeo ana haki ya kuambiwa hivyo Januari, kwa maneno hayo, badala ya kuambiwa Julai kwamba "tunaenda kupumzika ocha." Atapika, atapokea wageni, na nyumba itajaa hadi watu walale sebuleni. Akijua mapema atajipanga, na Diani yake itapewa tarehe nyingine.

Kama ni mwaka wa witiri, hoja yako ni nyepesi. Kuvuna mahindi na kuwaona wazee ni jambo jema, lakini linafanyika kwa siku nne.

Hata hivyo hatuipendi Diani ya Agosti kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake. Kusi bado inavuma, mwani hutupwa ufukweni kwa wingi, na hoteli ziko kwenye bei ya wageni wa Ulaya. Shule za Kenya hufunga muhula wa tatu mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na hakuna anayekulazimisha kusubiri hadi Krismasi. Wiki ya mwisho ya Novemba au wiki mbili za kwanza za Desemba, kabla bei hazijapanda tarehe 20 hivi, ndizo zenu. Mvua za vuli zinaweza kuwaharibia jioni moja au mbili. Ombeni ruhusa kazini mapema, maana huko ofisini nako kila mtu anaitaka Desemba.

Treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, tangu Januari 2024, ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima daraja la kawaida, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 nusu yake. Nyinyi watatu ni 3,750 kwenda, 7,500 kwenda na kurudi. Mkichelewa kijana akafika miaka 12, ongezeni 1,500. Tiketi hukatwa kwa *639# na kulipwa kwa M-Pesa. Fikeni stesheni ya Syokimau saa nzima kabla, ukaguzi si wa mchezo. Mkishuka Miritini, stesheni ya Mombasa, msikubali kupelekwa Likoni kupanga foleni ya feri: siku hizi gari linapita barabara ya Dongo Kundu hadi Kwale kusini bila kuingia kisiwani. Patana bei na dereva kabla ya kufungua buti.

SWALI: Assalaam alaykum. Tuko Leicester, watoto wanne: mapacha wa miaka 13, mwingine 9, mwingine 6. Mke wangu anataka kila kiangazi twende Unguja kwa mama yake. Mimi naomba mara moja tu twende Uhispania au Uturuki, wiki moja. Mimi na watoto tuna pasipoti za Uingereza, yeye ana ya Tanzania. *Baba Mapacha*

JIBU: Waalaykum salaam. Kwa nyumba yenye pasipoti mbili, pasipoti husema kabla ya mume na mke. Uhispania, mkeo anahitaji viza ya Schengen: yuro 90, maombi yasitangulie safari kwa zaidi ya miezi sita wala kuchelewa chini ya siku 15, na nafasi za miadi huisha haraka kiangazi kikikaribia. Anzeni Machi. Pasipoti zenu za Uingereza ziwe hazijatimiza miaka 10 tangu zitolewe siku mnapoingia, na zibakize miezi mitatu baada ya kutoka. Uturuki nyinyi watano hamhitaji viza, ila pasipoti ziwe na siku 150 mbele tangu siku ya kufika. Ya mkeo, ulizeni ubalozi kabla ya kulipia chochote.

Unguja mambo yanageuka: yeye anaingia kwao, nyinyi watano mnalipa viza dola 50 kila mmoja, jumla 250, na bima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Kwenye ndege, mapacha wameshakuwa watu wazima, kwa sababu kuanzia miaka 12 nauli ni kamili. Jumlisha mizigo ya zawadi, na dawa za malaria mfamasia akizishauri. Zile za kila siku, atovakoni na proguanili, huanza siku moja au mbili kabla na huendelea siku saba baada ya kurudi, na mkeo naye anywe: kinga ya utotoni haibaki milele.

Usijaribu kuokoa nauli kwa kuwatoa watoto shuleni wiki moja kabla. England faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, baadaye 160. Nyinyi ni 80 mara mbili mara nne: pauni 640.

Kwa hiyo tunaona hivi. Bibi ana haki ya kuwaona wajukuu, na tiketi sita kila mwaka ni kujimaliza. Nendeni wote mwaka mmoja, wiki tatu, Agosti ambako Unguja kuna upepo na ukavu. Mwaka unaofuata nendeni ufukwe wenu wa wiki moja, na mkeo aende peke yake kwa mama yake siku kumi, Februari, nje ya msimu, wewe ubaki na watoto. Ni tiketi moja badala ya sita. Ikiangukia Ramadhani ndiyo vizuri zaidi, atafuturu na mama yake. Sharti moja tu: tiketi yake ya Februari ilipwe siku ileile mnayolipia Uhispania. Ikiachwa "tutaona," hatakuamini tena.

SWALI: Kwa kifupi tu: je, kuna ubaya mimi nikaenda kwetu Songea na yeye kwao Bukoba, halafu tukarudi? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hakuna, mkikubaliana kabla nani anakwenda na watoto gani, na kila upande ukaambiwa kwa simu na mtu wake kwamba ni mpango, si ugomvi. La sivyo hata kabla mabegi hayajafunguliwa, Songea watakuwa wameshaitisha kikao. Watoto wadogo wasigawanywe. Na panga mkutane wote Dodoma angalau siku tatu kabla ya shule, sare zinahitaji kufuliwa.