Usiniulize Gari Gani, Niambie Tela Lina Kilo Ngapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimeona picha za kile kinyumba chako cha tela mlipokuja Ujiji. Na mimi nachongesha changu. Nina Noah, je, itavuta?" Niliusoma ujumbe nikiwa jikoni nikacheka, halafu tumbo likanikata. Swali hilo hilo niliwahi kumuuliza shemeji yangu hapa Tabora, na jibu alilonipa liliniunguzia giaboksi.

Najua wengi wenu mnalo wazo hili hata kama hamlisemi. Nani asiyetaka kwenda ziwani na kitanda chake, jiko lake na chandarua chake, asihangaike na gesti zenye godoro la kuzama katikati? Mimi nilianza kulidunduliza wazo hilo tangu watoto walipomaliza shule. Nikachora, nikawapelekea mafundi wa kuchomelea, wakanitengenezea: fremu ya chuma, mbao za plaiwudi, paa la bati, kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, tenki la maji la lita 80. Lilipotoka gereji majirani walijaa uani kama kuna harusi.

Gari nilikuwa nalo. Fupi, la petroli, injini ya lita 2, la oto, uzito wake kama kilo 1,200. Sitataja jina, maana kosa halikuwa la gari. Shemeji, ambaye kila mtu kwenye ukoo anamwona ndiye mjuzi wa magari, akalizunguka tela mara moja, akalipiga teke tairi, akasema: "Hili? Hazifiki kilo mia tano. Shemeji, gari ni injini. Funga, nenda."

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikafunga, nikaenda.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, nikaona safari ijilipie mafuta. Nikapakia ndoo tano za asali kwenda kuuza Kigoma. Nikazipanga nyuma kabisa, chini ya dirisha, zisitubane kitandani. Hapo nilifanya makosa mawili kwa mpigo, na nilikuwa najipongeza.

Habari za Urambo na Kaliua nawaachia, ni barabara na miti. Tulipokaribia Uvinza, kwenye mteremko, nikiwa na mwendo wa 80, tela likaanza kupiga mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kila mpigo ukizidi uliotangulia, na gari langu fupi likafuata kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba. Mume wangu akasema "kanyaga breki!" Namshukuru Mungu sikumsikiliza. Niliachia mafuta tu, nikashika usukani palepale, likatulia lenyewe. Tela likiyumba ukakanyaga breki za gari kwa nguvu, lenyewe halina breki, linakuja kukupita ubavuni. Sababu ya kuyumba niliijua baadaye: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya tela, pua, yaani pale mbele linapofungwa kwenye gari, inakuwa nyepesi, na tela la pua nyepesi halina adabu. Pua inatakiwa ikandamize gari kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela, au zaidi kidogo.

Kigoma tulifika. Asali ikaisha siku mbili. Tulilala Ujiji, tukala migebuka, sitaki hata kueleza, mtaona wivu.

Sasa sikilizeni. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Tabora iko kama mita 1,200. Maana yake kwenda nilikuwa nashuka, na nikajidanganya kwamba gari linaweza. Kurudi ndiko kwenye mtihani. Nilipakia madumu matano ya mawese na gunia la dagaa, nikajaza tenki la maji, tukaanza kupanda kutoka mjini kuelekea Kidahwe. Mwinuko wa kwanza, gari likanguruma. Wa pili, likanguruma lakini haliendi. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda, gari liko palepale. Halafu harufu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Halafu tukaanza kurudi nyuma.

Vijana wawili wa bodaboda ndio walioruka na kutuwekea mawe kwenye matairi. Kama mmoja wenu anasoma hapa, asali yenu ipo, njooni mchukue.

Fundi wa pale alichomoa kijiti cha oili ya giaboksi. Oili ile inatakiwa iwe nyekundu. Ilikuwa nyeusi kama kahawa ya kijiweni. Akanieleza vizuri kuliko shemeji miaka yote: gari la oto linapitisha nguvu ya injini kwenye oili kabla haijafika kwenye matairi. Ukilibebesha mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo mlimani, nguvu nyingi inaishia kuwa joto ndani ya ile oili, oili inaungua, na klachi za ndani zinafuata. Injini yangu ilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo ule msemo wa "gari ni injini" niliuzika pale pale kando ya barabara.

Nilirudi Tabora kwa treni. Tela lilikuja wiki tatu baadaye nyuma ya Fuso ya mtu, na nililipa.

Siku ya kwanza lilipofika sikulipeleka nyumbani. Nililipeleka kwenye ghala lenye mizani kubwa, nikaomba wanipimie. Tupu: kilo 610. Nikakaa chini na daftari. Maji lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi na jiko, 35. Matandiko, vyombo na viti, 70. Ndoo ya lita 20 ya asali si kilo 20 jamani, asali ni nzito kuliko maji, inafika kilo 28, mara tano ni 140. Jumla 935. Kurudi, mawese (dumu la lita 20 ni kama kilo 18) na dagaa vilifanya 925. Uingereza tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuzidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta, wala kilo 750, chochote kilicho kidogo. Nusu ya gari langu ni 600. Hata tela tupu lilikuwa limenizidi!

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kupima. Wa pili ni kupima likiwa limepakiwa, na maji ndani. Watu wanapima tela tupu halafu wanasafiri na kabati la mama mkwe.

Ukishajua kilo, ndipo utafute gari. Chukua gari zito lenye fremu ya chuma chini, refu kati ya tairi la mbele na la nyuma, linalosukuma kwa matairi ya nyuma, maana pua ya tela inakandamiza nyuma na kuinua mbele. Dizeli inavuta vizuri ikiwa na mizunguko michache. Mimi nilinunua Hilux ya milango minne, dizeli ya lita 3, ya gia za mkono, iliyochoka rangi lakini si mifupa. Prado ya dizeli pia ni gari la kazi hii. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye fremu, si kwenye bampa. Na bado tela nililifunga breki zake, zile zinazojikaza tela linapolisukuma gari kwa nyuma. Tangu hapo nimekwenda Kigoma na kurudi mara nne. Mara nne, na mwanamke ndiye dereva. Waliocheka wakati narudi kwa treni sasa wanaomba kupiga picha. Mpendwa, usiache watu wanaopiga matairi mateke wakupangie maisha.

Sasa wewe wa Kasulu. Noah za kawaida zilizotoka kuanzia 2001 zinavuta kwa matairi ya mbele. Zile za zamani zinasukuma kwa nyuma, afadhali kidogo. Nyingi ni petroli ya lita 2 kwenye milima yenu, na ukipakia watu watano umeshaongeza kilo 350 kabla ya tela. Tela la kilo 400 na breki zake, nenda polepole, zima ovadraivu (ile gia ya juu kabisa), simama upoze. Zaidi ya hapo, hapana. Lakini hujaniambia lina kilo ngapi.

Shemeji mpaka leo hajaniomba radhi. Mwezi uliopita alikuja kuazima Hilux avute mashine yake ya kukoboa mpaka Sikonge. Nikamuuliza, "Shemeji, ina kilo ngapi?"

"Hazifiki mia tano."

Ufunguo bado uko kwenye pochi yangu.