Mbolea ya ruzuku: anzia kwa chifu kabla ya kwenda depo

Huku Trans Nzoia, mvua za Machi zikikaribia, kila mkulima anauliza kama mbolea ya ruzuku, ile serikali inayotuuzia kwa bei nafuu, imefika depo, yaani ghala la kuichukulia. Ningependa aulize mapema zaidi jina lake limekaaje kwenye rejista ya wakulima, kwa sababu wengi ninaowaona wakirudi mikono mitupu walikwama hapo.

Faida yake tunaijua. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani. Septemba mwaka huo serikali ikauza kwa 3,500, na Agosti 2023 ikashusha hadi 2,500. Ukihesabu ya kupandia na ya kukuzia, tofauti hiyo ni karo ya mtoto.

Mgao wako unatokana na ulichoandikisha kwa chifu: kitambulisho, laini ya simu, ekari na mazao. Ukiandikisha ekari moja na unalima tatu, utaletewa vocha, yaani ujumbe wa simu wa kukuruhusu kununua, ya ekari moja. Wapo wanaopunguza shamba kwa kuogopa kutozwa ushuru, kisha wakati wa kupanda wanalia. Taja ekari zote unazolima, hata za kukodi.

Laini ya simu ndiyo inayoniuma zaidi. Jirani yangu mmoja, mjane, alingoja ujumbe wa vocha hadi mahindi ya wenzake yakafika magotini. Rejista ilikuwa bado na jina la marehemu mumewe, na laini yake ilikuwa kwenye simu iliyowekwa kabatini, haijachajiwa tangu matanga. Mama huyu analima mwenyewe kila msimu, halafu kwenye karatasi hayupo! Mama zangu, ikiwa mnategemea laini ya mume au ya kijana aliyeko Nairobi, nendeni kwa naibu wa chifu na vitambulisho vyenu, mwandikishwe kwa majina yenu. Nendeni Desemba baada ya mavuno, kabla foleni hazijaanza.

Vocha ikishaingia, uliza depo ina aina gani kabla ya kufunga safari. Unaweza kutaka mbolea ya DAP ukakuta ya NPK peke yake. Nauli nayo inakula punguzo: bodaboda wa kubeba mfuko mmoja mmoja kutoka Kitale hadi vijiji vya ndani atakumalizia. Sisi hukodi pikapu pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Na kabla ya kushikilia DAP kwa mazoea, pima udongo. Mashamba mengi ya huku yamekuwa na asidi kwa miaka ya kutiwa DAP, na yanahitaji chokaa kwanza.

Mwaka 2024 mbolea bandia iliuzwa ndani ya mpango huu huu. Wakulima walipanda kwa mifuko iliyojaa vitu visivyo mbolea, na msimu mzima ukaharibika. Kwa hiyo mfuko ukaguliwe palepale depo, mshono na nembo ya KEBS, shirika la viwango. Kuhakikisha nembo ni halali, tuma SMS ya SM# ikifuatwa na nambari ya kibali iliyo kwenye mfuko kwenda 20023. Risiti ihifadhiwe pamoja na kitambulisho, na mfuko mtupu usiugeuze wa kutilia makaa mpaka uvune. Mahindi yakigoma kukua, hivyo viwili ndivyo utakavyompelekea afisa wa kilimo wa wadi.