Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kumwita Mtoto Mtundu, Chunguza Usingizi Wake

SWALI: Daktari, salaam. Mwanangu ana miaka mitano na yuko Top Class, darasa la mwisho la chekechea, hapa Bombo. Mwalimu ameniandikia kwenye daftari kwamba hatulii kitini, anawasumbua wenzake, na akipewa kazi ya kunakili herufi anaiacha katikati. Mama mkwe anasema ni utundu aliourithi kwa baba yake. Jirani yangu anasema mtoto ana ADHD, ule ugonjwa wa kukosa umakini na utulivu, na nitafute vidonge. Tunamlaza saa nne usiku baada ya baba yake kurudi kazini, na saa kumi na moja alfajiri namwamsha awahi gari la shule. Usiku anakoroma sana, na tangu mwaka jana ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Nifanye nini? (Mama wa Top Class, Bombo, Uganda)

JIBU: Dada, nashukuru kwamba umetaja saa, kwa sababu nitaanza nazo kabla ya kugusa habari ya vidonge. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni muda wa saa saba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu na minne alale kwa saa 10 hadi 13 kila siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wataalamu wa usingizi wa Marekani katika mapendekezo yao ya mwaka 2016 wanaweka kiwango hicho hicho hadi umri wa miaka mitano. Kama mwanao halali mchana, basi kila siku ya shule anapungukiwa na saa tatu kwa uchache.

Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, lakini mtoto mdogo mara nyingi huonyesha kinyume chake: hukimbia, huropoka, hulia kwa jambo dogo, huruka kutoka kazi moja hadi nyingine. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia, kusubiri zamu yake na kushika maagizo mawili kwa pamoja, huathirika upesi usingizi unapopungua. Mwaka 2003 watafiti wa Israeli waliwaomba watoto 77 wa darasa la nne na la sita waongeze au wapunguze usingizi wao kwa saa moja, kwa usiku tatu tu, na tofauti ikaonekana katika vipimo vya umakini na kumbukumbu. Hao ni wakubwa kuliko wako, na ilikuwa saa moja tu.

Najua gari la shule halisubiri mtu, na dereva anayezunguka mitaa mingi huanza na watoto wanaokaa mbali, hata kama ni wale wadogo kuliko wote. (Wenye shule wangeweza kulifikiria hili, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine.) Kinachoweza kusogezwa kwenu ni jioni. Jua letu huzama karibu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo giza liko upande wenu: mtoto ale mapema, aoge, aingie ndani ya chandarua, na kufikia saa mbili usiku taa iwe imezimwa. Akipata na usingizi wa saa moja mchana, atafikisha saa kumi. Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo televisheni, jiko na kitanda vinatazamana. Hapo pazia la kitambaa kizito, sauti iliyopunguzwa na kioo cha televisheni kilichogeuzwa upande wa pili husaidia kuliko ugomvi wa kila usiku. Chai ya rangi au ya maziwa isimpite mdomoni baada ya saa tisa mchana, kwani kafeini yake hukaa mwilini kwa muda mrefu. Baba atamkuta amelala, na najua hilo linauma. Wazungumze alfajiri wakati mtoto anavaa viatu, na siku za wikendi.

Sasa tuje kwenye kukoroma, ambako ndiko kulikonisumbua zaidi nilipoisoma barua yako. Kukoroma wakati wa mafua si kitu. Lakini mtoto anayekoroma usiku baada ya usiku bila mafua yoyote, na aliyeanza upya kukojoa kitandani, anaweza kuwa na njia ya hewa inayozibwa na tonsili zilizovimba au na nyama za nyuma ya pua ambazo madaktari huziita adenoidi. Tatizo hili huonekana zaidi kati ya miaka miwili na minane, umri ambao nyama hizo ni kubwa zikilinganishwa na koo lenyewe. Pumzi inapokatika, ubongo huamka kidogo ili kuifungua njia, mara nyingi kwa usiku mmoja, na mtoto huamka asubuhi akiwa hajapumzika ingawa mama anaapa kwamba alilala fofofo.

Fanya hivi. Subiri mpaka awe amelala kwa muda wa saa mbili hivi, kisha mfunue blanketi, umwangalie kifua. Je, ngozi iliyo chini ya mbavu na juu ya mfupa wa kifua inavutwa ndani huku tumbo likiinuka? Je, amelala kichwa kimerudishwa nyuma, mdomo wazi, shingo imeloa jasho hata usiku wa baridi? Sikiliza kama kukoroma kunanyamaza ghafla, kifua kikihangaika bila hewa kupita, halafu mtoto anashtuka kwa mkoromo mkubwa na kugeuka. Ukiona hivyo, chukua simu, washa tochi mbali na macho yake, urekodi video ya dakika mbili au tatu. Kipimo kamili cha usingizi, kile cha kulala hospitalini ukiwa na nyaya kichwani, ni adimu na ni ghali, lakini video hiyo itamwambia daktari wa masikio, pua na koo mengi ambayo asingeyaona mchana mtoto akiwa macho. Omba rufaa kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa ya mkoa au ile ya taifa ya Mulago, Kampala. Mtoto mwenye selimundu anayekoroma asisubirishwe hata kidogo, na yeyote ambaye midomo yake hugeuka rangi ya buluu apelekwe siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa ameanza tena kukojoa kitandani, waombe wapime mkojo na sukari, hasa ikiwa anakunywa maji mengi au anakonda.

Upasuaji wa kuondoa tonsili na adenoidi ndiyo tiba ya kawaida, lakini sitaki uuendee kwa matumaini yasiyo yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwagawa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 katika makundi mawili, waliopasuliwa mapema na waliosubiri chini ya uangalizi kwa miezi saba. Waliopasuliwa walilala vizuri zaidi na wazazi wao wakaona tabia imebadilika, ila katika vipimo rasmi vya umakini makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajika, na karibu nusu ya waliosubiri walipona kupumua bila kisu. Kwa hiyo daktari akisema msubiri kidogo, au mjaribu kwanza dawa ya kupuliza puani, hajakupuuza.

Vidonge vya jirani viache dukani. Vile vinavyotumika kutibu ADHD vinaweza kumchelewesha mtoto kulala, na umekwisha kuona kwamba kulala ndiko kunakomsumbua.

SWALI: Je, ni vibaya kumpa mtoto kijiko cha dawa ya maji ya mafua ili alale mapema? Wengi hapa Kampala tunafanya hivyo. (Mama wa mapacha)

JIBU: Ni vibaya. Dawa hiyo ni ya mzio, na usingizi ni athari yake ya pembeni. Baadhi ya watoto huwafanya wachangamke badala ya kulala, wengine huamka na uzito wa kichwa unaowafuata mpaka darasani, na ikizidi kipimo ni sumu. Kwa mtoto anayekoroma ni hatari zaidi.

SWALI: Binti yangu wa miaka minne hupiga kelele saa moja au mbili baada ya kulala. Anakaa kitandani, macho yamemtoka, ananisukuma kana kwamba hanijui, na asubuhi hakumbuki lolote. Majirani hapa Busia wanasema ni mashetani, na tumeshauriwa kumpeleka kwenye mkesha wa maombi. (Baba, Busia)

JIBU: Bwana, yanayompata binti yako ni vitisho vya usiku, ambavyo si ndoto mbaya. Ndoto mbaya huja zaidi karibu na alfajiri, mtoto huamka, humtambua mzazi na kuisimulia. Vitisho vya usiku huja katika theluthi ya kwanza ya usiku, wakati wa usingizi mzito kabisa, mwili ukiwa nusu macho na nusu umelala. Ndiyo maana hakujui na hakumbuki. Usimtikise wala kumwagia maji. Kaa karibu asianguke, zungumza kwa sauti ya chini, naye atarudi kulala baada ya dakika chache. Watoto wengi huacha wenyewe wanapokua.

Homa na uchovu huvichochea vitisho hivi, kwa hiyo akiwa na joto mpime malaria. Siwakatazi kumwombea, lakini mwombeeni mchana, kwa maana mkesha utamnyima usingizi na usiku unaofuata utakuwa mbaya zaidi. Lakini kama mwili unakakamaa, kama mkono au mdomo unarukaruka kwa namna ile ile kila mara, kama yanatokea mara kadhaa katika usiku mmoja au hata mchana, mpeleke hospitali achunguzwe kifafa.

SWALI: Ninafundisha P.1, yaani darasa la kwanza la msingi, katika shule moja ya Gulu, darasa lina watoto zaidi ya themanini. Nitamtambuaje mwenye tatizo la kweli la umakini kati ya waliochoka, wenye njaa na watundu wa kawaida? (Mwalimu, Gulu)

JIBU: Mwalimu, hutakiwi kutoa jina la ugonjwa, na kwa themanini hao hakuna anayeweza kukudai hilo. Unachoweza kumpa mzazi ni maelezo yaliyoandikwa: nini, saa ngapi, mara ngapi. Mtoto aliyekosa usingizi huwa mbaya kwa saa zinazotabirika, na Jumatatu yake inaweza kutofautiana na Alhamisi. Aliyekosa chakula hubadilika baada ya uji. Asiyeona ubao au asiyesikia vizuri hutulia akihamishiwa benchi la mbele. ADHD haibadiliki hivyo. Dalili zake huanza kabla ya miaka 12, hudumu kwa miezi sita au zaidi, na huonekana shuleni na nyumbani pia, kwa kiasi kinachomharibia mtoto maisha yake. Anayetulia kanisani na kwa shangazi yake, akakushinda wewe tu, mara nyingi ana shida na darasa.

Tazama pia tarehe za kuzaliwa. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani hushukiwa zaidi kuwa na ADHD, na huku kwetu wako wazazi wanaosukuma wa miaka mitano waingie P.1. Huyo hana ugonjwa, ana miaka mitano.

Yuko mwingine asiyepiga kelele, na huyo ndiye husahaulika: anakatiza neno katikati, anakodoa macho kwa sekunde chache, kope zikipepesa, hasikii jina lake likiitwa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, mara nyingi kwa siku. Hicho ni kifafa kisichoangusha, nacho kina dawa. Kaskazini mnaujua pia ugonjwa wa kutikisa kichwa uliozipiga Kitgum, Pader na Lamwo, ambao nao ni wa jamii ya kifafa. Wote wawili waende kwenye kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na watakaohitaji zaidi watatumwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ambako kuna wodi ya watoto. Kwa wenye ADHD ambao hawajafika miaka sita, tiba ya kwanza ni kuwafundisha wazazi namna ya kuwaongoza. Dawa huja baadaye, kama zitahitajika.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka sita hupiga mateke usiku kucha na kuniomba nimkande miguu ndipo alale. Mchana hakai chini. (Bibi, Jinja)

JIBU: Bibi, heshima yako. Miguu isiyotulia usiku mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na upungufu wa damu si jambo geni kwetu: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 uliukuta kwa asilimia 53 ya watoto wa Uganda wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Mpeleke apimwe damu na malaria, na kama wingi wa damu ni wa kawaida uliza kipimo cha ferritini katika hospitali kubwa, kwa sababu akiba ya chuma huweza kuisha kabla damu haijapungua. Ikiwa anajikuna matakoni usiku, huenda ni minyoo. Dawa yake hutolewa bure katika siku za afya ya mtoto mwezi wa Aprili na Oktoba, na familia yote itibiwe pamoja.

Mpe maharage, mukene (dagaa), dodo (mchicha), na maini yakipatikana, pamoja na chungwa au pasheni inayosaidia chuma kuingia mwilini. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana hukizuia chuma hicho. Akiandikiwa dawa ya maji ya chuma, choo chake kitakuwa cheusi na hilo lisikutie hofu. Atahitaji miezi kadhaa ya kuinywa, na chupa ikae juu, mbali na watoto wengine, kwani chupa moja inaweza kumuua mtoto mdogo.