Usilipe salio la vipandikizi vya meno kabla hujaahidiwa stika za boksi

Mkuu, simamisha huo muamala kwanza. Umeandika kwamba magego mawili ya chini kushoto yalishang'olewa, umetoa kianzio cha kifurushi cha siku kumi India, vipandikizi na krauni (kofia ya jino) vyote safari moja, na unauliza kama inauma, utakula nini, na kama krauni uchague ya zirkonia au ya poseleni. Swali litakalokula pesa zako hukuliuliza: ukisharudi Mwanza skrubu ikalegea, daktari wa huku ataifungua kwa bisibisi gani?

Dalali aliyekuuzia hicho kifurushi hawezi kukujibu. Atasema "vipandikizi vya Ujerumani, ubora wa juu", halafu makaratasi "yatafuata kwa barua pepe". Mimi niliambiwa hivyohivyo na mpaka leo nadai. Hawa watu wanalipwa kwa kichwa, na kazi yao inaishia pale unapopanda ndege ya kurudi. Kumwambia mgonjwa kwamba jina la nchi linatosha ni kumtelekeza.

Elewa kinachowekwa mdomoni. Ndani ya mfupa wa taya inaingia skrubu nene ya titani, kwa gego mara nyingi yenye kipenyo cha milimita 4 hadi 5 na urefu wa 8 hadi 12. Juu yake inakaa abatimenti, yaani kiungio, na juu ya abatimenti ndipo inapokuja krauni. Abatimenti hushikwa na skrubu ndogo inayopita katikati. Sasa watengenezaji wengi wana umbo lao la tundu la ndani na kichwa chao cha skrubu. Straumann wana bisibisi yenye ncha ya nyota, Nobel Biocare wana yao inayoitwa Unigrip, Osstem wa Korea wanatumia pembe sita ya milimita 1.2. Hata ndani ya kampuni moja kuna matoleo yasiyoingiliana. Nati ya tairi ya Nissan na bolti ya Toyota zote ni milimita 12, lakini nyuzi hazilingani, na ukilazimisha unaziua. Humo mdomoni tofauti ni ndogo kuliko hiyo na haionekani kwa macho.

Skrubu kulegea si ajabu, hasa kwenye magego, kwa sababu ndiyo yanayobeba nguvu ya kutafuna. Dalili zake: krauni inacheza kidogo ukiisukuma kwa ulimi, inatoa mlio mdogo ukiuma, au ufizi unatoa harufu. Mwenye taarifa kamili anatibiwa kwa kikao kimoja. Daktari anatoboa kijazio kilicho juu ya krauni, anatoa utepe wa teflon ulio chini yake, anafungua, anasafisha, anaweka skrubu mpya, anakaza kwa spana ndogo yenye kipimo mpaka kiwango cha mtengenezaji, mara nyingi kati ya Ncm (kipimo cha nguvu ya kukazia) 25 na 35. Anasubiri kama dakika kumi, anakaza tena, kwa sababu nyuzi zikishakaliana vizuri mkazo wa mwanzo hupungua. Kisha teflon mpya, kijazio, unaenda nyumbani.

Asiye na taarifa? Hapo ndipo balaa. Daktari anapiga eksirei na kubahatisha, na vipandikizi vingi kwenye eksirei vinafanana. Bisibisi inayokaribia kuingia inakula kona za kichwa cha skrubu, baada ya hapo hakuna chombo kinachoshika tena. Au anakuambia usubiri, wewe unaendelea kutafunia krauni iliyolegea, na skrubu inakatikia ndani. Kipande hicho kinaweza kutolewa, ila zana za kukitoa mara nyingi hutengenezwa kwa mfumo husika, na tumerudi palepale: mfumo gani? Nyuzi za ndani zikiharibika, ile titani iliyoshikana vizuri kabisa na mfupa haina kazi tena. Inaachwa imezikwa chini ya ufizi, au inakatwa kwa keekee yenye tundu katikati inayotoka na mfupa wako, halafu unapandikizwa mfupa, unangoja miezi, unalipa upya kila kitu. Chanzo cha hasara yote hiyo ni stika moja ya karatasi.

Maana stika ipo. Boksi la kipandikizi huja na stika za kubandua, moja ya faili la kliniki, nyingine ya mgonjwa. Ina jina la mtengenezaji, jina la toleo, kipenyo, urefu, namba ya REF (ya bidhaa) na namba ya LOT (ya fungu la uzalishaji). Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya vifaa tiba 2017/745, unamtaka mtengenezaji atoe kadi ya mgonjwa kwa kipandikizi. Lakini kanuni hiyohiyo imeziacha nje krauni na skrubu, kwa hiyo hata ukiwa na kadi bado unahitaji REF ya abatimenti, REF ya skrubu yake na Ncm iliyokaziwa. Namba ya jino nayo iandikwe, kwako ni 36 na 37 kwa hesabu ya madaktari wa meno, usije ukaishia na stika mbili usizojua ipi ni ya wapi.

Hizo siku kumi nazo zina tatizo. Mfupa hauna haraka ya dalali. Tangu daktari Brånemark alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza huko Sweden mwaka 1965, utaratibu uliozoeleka ni kungoja takriban miezi mitatu kwa taya la chini na hadi sita kwa la juu kabla ya kupachika krauni. Njia za haraka zipo na zina wagonjwa wake, lakini gego la kutafunia si mahali pa kuharakia. Kipandikizi kikitikisika zaidi ya takriban maikroni 150 (milimita 0.15) kikiwa bado hakijashikana, kinazungukwa na nyama badala ya mfupa, na kitatoka. Kwa hiyo ama utasafiri mara mbili, ama kipande cha mfupani kitawekwa kule na krauni itapachikwa huku nyumbani, tuseme Dar. Ukichagua hili la pili, daktari wa Dar hawezi hata kuagiza abatimenti bila zile namba.

Omba pia krauni ya kufungwa kwa skrubu, si ya kugandishwa kwa saruji ya meno. Ya saruji mara nyingi ikilegea huwezi kuifikia skrubu bila kuikata krauni, na saruji inayobaki chini ya ufizi huleta uvimbe unaokula mfupa kimyakimya.

Waandikie kliniki wenyewe leo, si dalali: "Nitajieni mtengenezaji, toleo na aina ya kiungio mtakachotumia kwa jino 36 na 37. Krauni iwe ya skrubu. Nipewe stika za boksi siku ya upasuaji, na REF ya abatimenti na skrubu pamoja na Ncm siku ya krauni." Wakijibu kwa jina la nchi, dai kianzio chako. Wakijibu kwa majina na namba, mtumie daktari wa Dar na umuulize kama bisibisi na vipuri vya mfumo huo anavyo au anajua pa kuviagiza. Asipovijua, waombe kule wabadilishe mfumo kabla hujaondoka nyumbani.

Skani ya CT ya taya (eksirei ya pande zote) nayo usikubali kupewa picha ya karatasi. Chukua faili lenyewe la kompyuta, linaloitwa DICOM, kwenye flashi. Neva ya taya la chini inapita chini ya hayo magego, kipandikizi kinatakiwa kibaki angalau milimita 2 juu yake, na mdomo ukibaki na ganzi baada ya upasuaji, hilo faili ndilo daktari wa huku atakalolifungua kwanza.